Daraja la Wavuvi: Niliyojifunza Carrick-a-Rede

"Wavuvi si wana mashua? Sasa daraja la nini?"

Swali hilo liliulizwa na baba yangu mdogo, mvuvi wa Tanga aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti na si kwa hiari yake, tulipokuwa tumesimama juu ya ngazi zinazoteremkia kwenye daraja la kamba la Carrick-a-Rede, katika pwani ya kaskazini ya County Antrim, Ireland ya Kaskazini. Naishi Belfast kwa miaka mingi sasa, na karibu kila mgeni anayenitembelea kutoka nyumbani ninampeleka pale, kwa hiyo nilikuwa nikijihesabu mwenyeji wa mahali hapo. Waliotangulia waliniuliza kama daraja linatisha, kama limewahi kukatika, na picha nzuri zaidi hupigwa ukiwa umesimama upande gani. Kwa nini lilijengwa halikuwa jambo la kumshughulisha yeyote, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeridhika kujua kwamba lilijengwa na wavuvi, bila kuona kwamba ndani ya jibu hilo kuna fumbo ambalo mtu wa pwani angepaswa kuligundua mara moja.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Ukitoka Belfast kwa gari unakwenda kaskazini mwendo wa kama saa moja na nusu hadi karibu na kijiji cha Ballintoy, ambako nchi inakatika ghafla na kuwa magenge yanayotazama bahari ya Atlantiki. Si pwani ya mchanga na minazi. Ni miamba myeusi ya basalti iliyolalia chokaa nyeupe, na mahali pengine rangi hizo mbili zimekutana kwa mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Kisiwa cha Carrick-a-Rede kimetengana na nchi kavu kwa mpasuko wa mita 20 hivi, na daraja linapita juu ya mpasuko huo kwa kimo cha mita 30 hivi kutoka kwenye mawe na maji yaliyo chini. Wanajiolojia wanaeleza kwamba kisiwa hicho ni masalio ya koo la volkano iliyolipuka kupitia kwenye chokaa miaka milioni 60 iliyopita. Sehemu laini za mwamba zimeliwa na hali ya hewa na mawimbi, na sehemu ngumu ndiyo iliyobaki imesimama peke yake. Siku ya anga safi unakiona kisiwa cha Rathlin, na nyuma yake pwani ya Uskoti.

Tulifika mwezi wa Agosti, siku ambayo wenyeji waliiita nzuri na baba mdogo akaiita ya baridi. Nilikuwa nimekata tiketi mapema kwenye intaneti, kwa sababu tiketi za pale zina saa yake, na ukichelewa unaweza kulazimika kungoja au kurudi. Jambo jingine ambalo mgeni hana budi kulijua ni kwamba upepo ndio wenye kauli ya mwisho. Niliwahi kuwapeleka rafiki zangu waliotoka mbali, tukakuta daraja limefungwa, nasi tukabaki kulitazama kutoka juu ya genge huku likichezeshwa na upepo hata bila mtu juu yake. Tangu hapo simwahidi mgeni kwamba atavuka. Namwahidi kwamba tutakwenda Ballintoy.

Kutoka maegesho hadi darajani ni matembezi ya kama kilomita moja juu ya njia iliyotengenezwa vizuri, na njiani nilimweleza baba mdogo habari za samoni. Samaki huyu huanguliwa mtoni, hukaa huko mpaka apate nguvu, kisha huteremka baharini na kwenda mbali sana kaskazini kutafuta chakula. Akishakomaa hurudi kuzaa katika mto uleule alikoanguliwa, na inaaminika kwamba anapokaribia huutambua kwa harufu ya maji yake. Samoni waliokuwa wakirudi katika mito ya eneo hili, mto Bush na mto Bann, walipita wakiambaa na pwani kuelekea magharibi. Katika kuambaa huko walikutana na kisiwa cha Carrick-a-Rede kimewazibia njia, wakalazimika kukizunguka kwa upande wa kaskazini, na hapo ndipo wavu ulipokuwa ukiwangoja.

Baba mdogo alisimama. Alinitaka nirudie sehemu ya mwisho, akaonyesha kwa mkono njia ya samaki kutoka kulia kwetu kwenda kushoto, akaufuatisha mkono wake kwenye ukingo wa kisiwa, kisha akacheka. "Basi hapa Mungu ameshajenga uzio," alisema. "Wao wameongeza mdomo tu."

Kwa asiyejua, uzio ni ua wa fito na matete unaosimikwa kwenye maji mafupi ili samaki anayefuata ukingo aongozwe, bila kujua, hadi kwenye chumba asichoweza kutoka maji yanapokupwa. Nyavu za samoni za pwani hii zilifanya kazi kwa hila hiyohiyo, isipokuwa hazikutegemea kupwa na kujaa: kulikuwa na wavu mrefu ulionyooka wa kumzuia samaki, na kwenye mwisho wake mfuko wa wavu ambao samaki aliingia akidhani anauzunguka ukuta. Uvuvi wa samoni mahali hapa umetajwa tangu mwaka 1620, na daraja la kwanza la kamba liliwekwa mwaka 1755. Kwa hiyo zaidi ya karne moja ilipita, watu wakivua, kabla ya kuwapo daraja, na swali la baba mdogo likawa zito zaidi kuliko nilivyolichukulia. Kama walikuwa wakivua bila daraja, waliliweka kwa faida gani?

Jibu lilikuwa upande wa pili wa kisiwa, na ili kulifikia ilitubidi tuvuke.

Sasa niseme juu ya kuvuka kwenyewe, maana najua msomaji analingoja. Walinzi huruhusu watu wachache kwa zamu, kwanza wa upande mmoja, halafu wa upande wa pili. Chini ya miguu kuna vibao vilivyopangwa kwa urefu, na pembeni kuna kamba nene za kushika pamoja na wavu wa kuzuia mtu asiteleze nje. Daraja halitulii. Linapanda na kushuka kwa kufuata hatua za watu, na kinachowatisha wengi zaidi ya kimo chake ni huku kupandishwa na kushushwa na hatua za mtu mwingine. Nimejifunza kumwacha aliye mbele atangulie vya kutosha, na kutofuatisha hatua zangu na zake, kwa kuwa watu wawili wakikanyaga kwa mpigo mmoja daraja hupokea mpigo huo na kuuzidisha. Nimejifunza pia kutowaambia watu "usitazame chini". Mtu akikatazwa atatazama tu, tena kwa hofu. Afadhali aambiwe atazame mapema, akiwa bado ngazini, aone maji ya kijani yanavyojisukuma ndani ya mpasuko na kurudi yakiwa meupe, azoee sauti yake, halafu ndipo akanyage kibao cha kwanza.

Mwanangu, ambaye amezaliwa huku na ana umri wa kutaka kila kitu kionekane kwenye simu, alivuka akijirekodi. Mimi nilivuka kama kawaida yangu, haraka na bila mazungumzo. Baba mdogo alivuka polepole, magoti yamekunjwa kidogo, viganja vimeachia kamba ipite ndani yake badala ya kuikamata. Katikati alipunguza mwendo, akaikandamiza ile kamba kwa kidole gumba na kuipindua kidogo aone msokoto wake. Mlinzi alimwashiria aendelee, akaendelea. Alipofika ng'ambo alikuwa na taarifa kamili. "Si usumba," alisema, "wala si mkonge. Na mzigo wote umebebwa na chuma."

Alikuwa sahihi. Daraja la sasa, lililowekwa mwaka 2008 kwa gharama ya zaidi ya pauni 16,000, limetengenezwa kwa waya wa chuma uliosokotwa na mbao za msonobari wa aina ya Douglas. Nilipomtajia bei hiyo alisema ni rahisi kuliko alivyodhani. Nami nikampa habari ambayo nilijua itamfurahisha mtu wa Tanga: kwamba Belfast, pamoja na sifa yake ya kuunda meli, ilikuwa na kiwanda cha kamba kilichowahi kuhesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Tanga, mji uliokua kwa mkonge, na Belfast, mji uliosokota kamba, walikuwa watu wa biashara moja bila kuamkiana. Alitaka kujua kama kiwanda kipo, na nilipomwambia kwamba kimefungwa zamani alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeona mashamba ya mkonge yakigeuka vichaka.

Wageni wengi wakishavuka hupiga picha juu ya nyasi za kisiwa, hutazama ndege wa baharini waliojipanga kwenye rafu za mwamba, kisha hurudi kupanga foleni ya kuondoka. Baba mdogo aliniongoza yeye mimi, mwenyeji wake, mpaka pale ambapo chini yetu palionekana nyumba ndogo ya kuta nyeupe iliyobanwa kwenye mwamba. Ilikuwa nyumba ya wavuvi. Nilikuwa nimeiona mara nyingi na sikuwahi kuipa uzito. Yeye aliichunguza kama anayekagua mali anayotaka kununua: mlango umeelekea wapi, mawimbi yanavunjikia wapi, mahali pa kushushia mashua pana ukali gani. Baada ya muda alitoa hukumu yake. "Mashua ilikaa kazini. Watu ndio waliokwenda nyumbani."

Ndilo jibu lenyewe. Pwani ile haina mahali pengi pa kukokota chombo, na bahari ya pale inaweza kubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri. Mvuvi aliyetegemea kuja kwa mashua kutoka bandarini, kuzunguka magenge na kuufikia wavu, alikuwa akimwachia upepo uamuzi wa kama wavu ungeangaliwa siku hiyo au la. Mashua ikiwekwa kisiwani, karibu na wavu, na mtu akaja kwa miguu juu ya daraja, safari ya hatari inabaki fupi sana, na samaki hutoka kwa njia ileile, mgongoni. Daraja liliwekwa kwa ajili ya msimu wa kiangazi na kuondolewa msimu ulipokwisha, kwa sababu wakati wa baridi hapakuwa na samoni wa kumfuata ng'ambo.

Kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoona hesabu za woga wetu zilivyo tofauti na zao. Hata katika miaka ya 1970 daraja lilikuwa na kamba moja tu ya kushika, na vibao vilivyoachana kwa mapengo makubwa. Wavuvi walilipita hilo wakiwa na mzigo wa samaki wenye utelezi, na mkono mmoja tu ndio uliokuwa na pa kushika. Sidhani walikuwa mashujaa kuliko sisi. Kwao lile lilikuwa sehemu iliyo salama zaidi ya siku nzima, kwa maana hatari ya kweli ilikuwa chini, kwenye mashua. Tangu nilipolielewa hilo, daraja limepungua ukali machoni pangu, na nimeanza kuwaeleza wageni habari za wavu kabla ya kuwaeleza habari za kimo, jambo ambalo limewasaidia hata wale waliokuwa wamekwisha kusema kwamba watabaki upande huu.

Mwanangu ndiye aliyeuliza wako wapi hao samaki, na hapo nikawa na takwimu za kutaja. Hadi miaka ya 1960 karibu samoni 300 walivuliwa hapa kwa siku moja. Mwaka 2002 walipatikana 300 katika msimu mzima, na huo ndio mwaka samoni wa mwisho alipovuliwa kwenye kituo hiki. Baadaye serikali ikasitisha nyavu za samoni za biashara katika pwani ya Ireland ya Kaskazini, ili wachache wanaorudi waachwe wafike mtoni.

"Babu, ina maana waliwamaliza?" mwanangu alimwuliza.

"Wewe mwulize mama yako, mimi si mwenyeji," alijibu, ingawa nilimwona ana lake la kusema.

Nilieleza nilichokuwa nikikijua: kwamba nyavu za pwani zilikuwa na mchango wake, na za bahari kuu pia, kwamba mito iliharibiwa kwa uchafu na kuzibwa kwa mabwawa, na kwamba wanasayansi wanaohesabu samoni katika mito, ukiwamo mto Bush ulio jirani, wameona tangu miaka mingi kwamba wanaorudi kutoka baharini ni sehemu ndogo zaidi na zaidi ya wale walioondoka, huku bahari yenyewe ikibadilika joto na chakula. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema lake. Kwao Tanga, alisema, samaki wa miambani walimalizwa na baruti, na wapigaji wa baruti walijulikana kwa majina na kwa mitaa. Ilipoamuliwa kweli kuwazuia, milio ilipungua na mtu akaweza kutumaini. Hawa wavuvi wa hapa wangemkamata nani? Walikunja nyavu zao, na samaki hakurudi kama zamani kwa sababu kinachomzuia kiko mahali wasikokufikia. Hilo, kwa maoni yake, ndilo lililo chungu zaidi, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kilichoongezeka ni watu. Mwaka 2018 wageni waliofika Carrick-a-Rede walikuwa zaidi ya 485,000, idadi inayoeleza kwa nini tiketi zina saa na kwa nini njia yote imejengewa vizuizi. Shirika la uhifadhi la National Trust, linalomiliki mahali hapo, limelifanya daraja kuwa jambo la uhandisi: lile la mwaka 2000 lilijaribiwa kwa uzito wa tani 10 na kujengwa kwa msaada wa wapanda milima wa eneo hilo, na hili la sasa likafuata miaka minane baadaye. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba daraja la kihistoria lisilo na kipande hata kimoja cha kale ni udanganyifu. Siungi mkono lalamiko hilo. Kamba iliyokaa kwenye hewa ya chumvi haina umri mrefu, na mvuvi wa mwaka 1755 asingemwachia mwanawe kamba zilezile avukie. Lilikuwa daraja la kubadilishwa tangu siku ya kwanza. Kama kuna kitu cha kihistoria hapo ni mahali penyewe na sababu ya mtu kupita, na ninachowalaumu wanaoonyesha daraja hilo kwenye picha ni kwamba wameibakiza kamba na kuiacha sababu.

Kurudi kulikuwa na taabu kuliko kwenda, na taabu hiyo haikuwa darajani bali kwenye ngazi na mwinuko unaofuata. Mwenye kumpeleka mzee pale asijidanganye na umbali mfupi. Magoti yanayoteremka kwa heshima hupanda kwa malalamiko. Tulikaa kwenye benchi, tukafungua chupa ya chai na mandazi niliyoyakaanga alfajiri, na baba mdogo akataka kujua tiketi zetu tatu ziligharimu kiasi gani. Nilikataa kumwambia. Alikisia kwa shilingi, akakosea kwa kupunguza sana, nami nikaliacha kosa hilo likae.

Amesharejea Tanga, lakini mazungumzo hayajakwisha. Hunitumia ujumbe wa sauti usiku, akiwa na wenzake barazani, na swali lao la sasa ni mdomo wa wavu uliangalia wapi. Yeye anashikilia kwamba lazima uliangalia mashariki, kwa kuwa samaki alitoka huko akielekea magharibi. Mwenzake mmoja anasema samaki wa mto hupotoshwa na mkondo wa maji kupwa, kwa hiyo inawezekana alikuwa akija kisiwani kutoka upande wa pili. Nimewatumia picha za kisiwa zilizopigwa kutoka juu, nao wamezikuza na kubishana juu ya mawimbi. Wamenitaka nirudi pale siku ya upepo mdogo, maji yanapokupwa, nisimame kwenye ncha ya kaskazini na kurekodi povu linakokwenda. Mwanangu ameshaniambia kwamba kazi hiyo ni yake, nami nimeanza kutazama ratiba ya maji ya Ballintoy ili nijue tiketi ya saa ngapi ya kukata.